Saa Mbili au Masaa Mawili? Kufundisha Wakati wa Kiingereza kwa Anayefikiri kwa Kiswahili



Vitabu vyetu vya Kiingereza huimaliza mada yangu ya leo kwa kurasa chache. Ukurasa mmoja una nyuso za saa zenye mishale. Mwingine una ngazi ya "always", "usually", "often", "sometimes", "rarely" na "never", kila neno na asilimia yake pembeni. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, mwalimu anasonga mbele. Kisha kijana huyo huyo, akiwa na cheti mkononi, anaandika katika barua ya kuomba kazi: "I am living in Morogoro since 2019." Anayeisoma anatabasamu na kuchukua barua inayofuata.

Nimekuja kumtetea kijana huyo. Sentensi yake ni Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kiingereza: ninaishi Morogoro tangu 2019. Hakukosea kwa uvivu. Makosa ya wanafunzi wetu katika maneno ya wakati yana mpangilio, na mpangilio huo wameurithi kwa mama zao. Mwalimu anayekijua Kiswahili chake barabara anaweza kuyatabiri kabla mwanafunzi hajafungua kinywa. Anayekipiga marufuku Kiswahili darasani anajinyima ramani ya makosa yote atakayoyasahihisha mwaka mzima.

Nianze na saa. Mshale mfupi uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Mgeni hufundishwa kutoa sita au kuongeza sita, lakini nani kati yetu amewahi kufanya hesabu hiyo? Tunatazama namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa: 7 inakabiliana na 1, 9 na 3, 12 na 6. Ni uhodari wa macho, na mtoto anaipata bila kufundishwa. Taabu inaanza pale namba inapoandikwa bila mishale, kwenye simu, kwenye tiketi, kwenye tangazo la mtihani. Mtu akiona 2:00 pekee, jicho halina upande wa pili wa kutazama, na ulimi unasema saa mbili.

Mwanafunzi anastahili kuambiwa kwa nini tunahesabu hivyo, kwa sababu wengi wanaamini kwa siri kwamba saa ya Kiswahili ni kosa la kale ambalo Wazungu walikuja kulirekebisha. Dar es Salaam iko kiasi cha nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili, likipishana kwa muda usiofika saa moja. Penye jua la namna hiyo, kuanza kuhesabu macheo na kuanza tena machweo ni jambo la busara. Waethiopia nao huhesabu hivyo. Sasa nendeni London. Mwezi wa Desemba jua linachomoza mnamo saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu usiku bado lipo angani. Ukimwambia mtu wa huko kwamba saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, atakuuliza: jua la mwezi gani?

Na hata hivyo Waingereza wenyewe waliwahi kuishi na hesabu yetu. Neno "noon", ambalo leo ni saa sita mchana, limetokana na "nona" ya Kilatini, maana yake ya tisa. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, na saa yao ya tisa ilikuwa alasiri, palepale tunaposema saa tisa. Watawa wa Ulaya walikuwa na sala yao ya saa hiyo. Katika zama za kati sala ile ilisogezwa mapema, polepole, mpaka jina la saa tisa likatua saa sita na kubaki hapo. Saa za mitambo zilizoenea Ulaya kuanzia karne ya 14 zikaleta saa zenye urefu sawa kiangazi na kipupwe, na hesabu ya macheo ikafa. Ilibaki kwenye Biblia. Msomaji wa Kiswahili akifika kwenye mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Matayo, akaona waliajiriwa watu saa kumi na moja, anaelewa papo hapo: jua linakaribia kuzama, kazi imekwisha, na hawa ndio kwanza wanaingia. Msomaji wa Kiingereza anahitaji maelezo chini ya ukurasa. Msemo wao wa "the eleventh hour", yaani dakika za mwisho kabisa, umetoka kwenye mfano huo, na nadhani mtoto wa Tanga anauelewa vizuri kuliko mtoto wa Leeds.

Mwalimu akilieleza hili kwa dakika kumi, darasa litaacha kuona haya. Baada ya haya kuondoka ndipo kazi inaanza.

Kazi ya kwanza ni usiku. Sisi tuna saa nane usiku, wao wana "two in the morning". Kwetu usiku unaendelea mpaka alfajiri ing'oe giza. Kwao, katika kutaja saa, asubuhi inaanza pale tarehe inapobadilika, saa sita usiku, watu wakiwa wamelala fofofo. Kwa hiyo "at two in the night" ya mwanafunzi wetu imejengwa juu ya giza analoliona kwa macho yake. Mpeni kanuni: ukishavuka saa sita usiku, kwa Kiingereza cha saa umeshaingia "morning". Na mtahadharisheni kuhusu "good night", ambayo haisemwi mtu akiingia nyumbani saa mbili usiku. Hiyo ni ya kuagana, kama tusemavyo usiku mwema.

Kuna jambo zito zaidi hapa, nalo ni siku inaanza lini. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ule ambao taarifa ya habari ingeuita Alhamisi usiku. "Friday night" ya Kiingereza inakuja baada ya mchana wa Ijumaa. Anayetafsiri neno kwa neno amekosea kwa saa 24. Dawa tunayo wenyewe, na sijui lugha nyingine iliyonayo kwa ufasaha huu: usiku wa kuamkia Ijumaa. Msemo huo haukubali maana mbili. Tiketi ya ndege ikiandikwa 00:30, tarehe 15 Juni, mwambie msafiri ni usiku wa kuamkia tarehe 15, naye atafika uwanjani jioni ya tarehe 14. Usipomwambia, anaweza kufika jioni ya tarehe 15, na ndege yake imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Kiingereza nacho kina mabaki ya hesabu ya usiku. "Christmas Eve" ni usiku wa kuamkia Krismasi, mkesha wetu hasa. "Fortnight", wiki mbili, ni usiku kumi na nne uliofupishwa, na zamani walikuwa na "sennight", usiku saba, kwa wiki moja. Tacitus, mwandishi wa Kirumi, aliandika mwishoni mwa karne ya kwanza kwamba Wajerumani wa kale walihesabu usiku badala ya mchana, na Kiingereza kimetoka katika ukoo huo. Mkiwa Marekani msitegemee "fortnight" sana. Wengi huko hawaitumii.

Kuhusu "a.m." na "p.m." sina mengi. Herufi hizo zinataja kabla na baada ya adhuhuri, na saa sita kamili ya mchana haiko kabla wala baada. Mfundisheni mwanafunzi aandike "noon" au "midnight", basi.

Sasa nifike kwenye kichwa cha mhadhara huu. Mtu akisema, nitakuja baada ya saa mbili, atakuja lini? Baada ya muda wa saa mbili kupita, au baada ya saa mbili kugonga? Kiswahili sanifu hakitofautishi. Wasemaji wamejitengenezea tofauti: saa mbili ni kwenye uso wa saa, masaa mawili ni muda. Nikiwa mwalimu wa Kiswahili nalazimika kupiga mstari mwekundu chini ya masaa. Nikiwa mwalimu wa Kiingereza, natamani kumshukuru aliyeyabuni, maana amefanya kazi yangu. Kiingereza kinadai tofauti hiyo hiyo: "after two o'clock" na "after two hours". Mwanafunzi anayeandika "I will come after two hour" ameikosa, lakini mdomoni mwake tayari anayo. Muulize: ni saa mbili au ni masaa mawili? Akijibu masaa, mpe "hours". Mwambie pia kwamba "o'clock" hutumika saa ikiwa kamili tu. Hakuna "half past two o'clock", ingawa imejaa kwenye madaftari yetu.

Vihusishi nitavipita haraka, kwa kuwa vitabu vimevishughulikia vya kutosha: "at" kwa saa, "on" kwa siku na tarehe, "in" kwa mwezi, mwaka na sehemu za mchana. Kiswahili hakivihitaji, tunasema nilifika Jumatatu, nilizaliwa mwaka 1994, nitaondoka saa nne, na sentensi imesimama. Ndiyo maana mwanafunzi huviacha. Vitabu husahau kumwambia kwamba Kiingereza nacho huviacha panapokuja "last", "next", "this" na "every". Aliyekwisha kukariri "on Monday" ataandika "on last Monday" kwa bidii yote, na bidii hiyo si ya kuadhibu.

Pale ninapotaka tukae kidogo ni kwenye maneno matatu ya Kiswahili: bado, tangu na hadi.

Bado ni neno la ajabu. Umekula? Bado. Hapo limejitosheleza, limebeba sentensi nzima. Mwanafunzi akiulizwa "Have you eaten?" anajibu "Still", na mwenye kuuliza anabaki ameduwaa. Kiingereza kimeligawa bado mara mbili. Jambo ambalo halijatokea huchukua "yet": "not yet", "he hasn't come yet". Jambo linaloendelea huchukua "still": "he is still eating". Kipimo tunacho ndani ya kitenzi chetu. Ukiona -ja- ya kukanusha, hajaja, hajala, hajasoma, chagua "yet". Ukiona kitenzi kinachokubali, bado anakula, bado yupo, chagua "still". Waingereza husema pia "he still hasn't come", lakini aliyesema hivyo ameanza kuchoka kusubiri. Hilo ni la wanafunzi wa juu. Na ndugu yake bado, yaani -mesha-, hana matata: ameshaondoka, "he has already left".

Tangu ndiyo iliyomponza kijana wa Morogoro. Kiswahili kinasema ninaishi, kwa sababu anaishi mpaka sasa. Kiingereza kinaitazama miaka iliyopita na kudai kitenzi kiivute mpaka leo: "I have been living". Halafu kinagawa tena. Ukitaja mahali pa kuanzia, mwaka, siku, tukio, ni "since". Ukitaja urefu wa muda, ni "for". "Since 2019", "for six years". Wanaosema "since six years" ni wengi, na Wafaransa na Wajerumani wanaojifunza Kiingereza wamo kundini, kwa hiyo tusijione peke yetu.

Hadi, au mpaka, ndiyo yenye hasara ya fedha. Tunasema, mwisho wa kuleta fomu ni hadi Ijumaa. Tunasema pia, ofisi itafungwa hadi Ijumaa. Ya kwanza inataka jambo lifanyike mara moja tu, wakati wowote, mradi Ijumaa isipite. Ya pili inataja hali itakayodumu mpaka siku hiyo. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "by Friday", ya pili ni "until Friday". Fundi akiandika kwenye mkataba "I will finish the work until Friday", mwajiri anajiuliza ni nini kitatokea Ijumaa. Jaribu hili: kama unaweza kubadilisha hadi kwa isipite, tumia "by". Fomu ziletwe, Ijumaa isipite, inakubali. Ofisi itafungwa, Ijumaa isipite, haikubali.

Sasa mara ngapi. Ile ngazi ya asilimia ningeifuta vitabuni. Nani alipima kwamba "often" ni asilimia 70? Mtu anayekwenda Dodoma kila mwezi husema kwa haki "I often go to Dodoma". Mtu anayekunywa chai mara moja kwa mwezi akisema "I often drink tea", watu wa nyumbani kwake watamcheka. Maneno haya hupimwa kwa kile kinachotarajiwa katika jambo lenyewe, na mara nyingi yetu iko hivyo hivyo. Mwanafunzi anaijua tayari hesabu hiyo, asilimia zinamsahaulisha.

Kilicho kigumu zaidi ni kitenzi kinachoandamana na maneno haya. Kiswahili kina hu-, kiambishi cha mazoea: Juma hunywa chai, mvua hunyesha Aprili. Lakini mitaani hu- imepungua, na -na- imechukua kazi zote mbili, ya sasa hivi na ya kila siku. Matokeo yake ni "I am going to the mosque every Friday". Mpeni mwanafunzi jaribio la hu-. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, ipachike hu-. Ikikubali bila kubadilika maana, andika "I go". Ikikataa, kwa kuwa jambo linatokea sasa hivi mbele ya macho yako, andika "I am going". Sijapata kanuni fupi kuliko hiyo katika kitabu chochote cha Kiingereza, nayo inatoka kwenye sarufi ya Kiswahili. Onyo moja tu: hu- haibadiliki kwa mtu, mimi hunywa, yeye hunywa, hali Kiingereza kinadai "s" kwa "he" na "she". Hiyo "s" ndiyo inayodondoka.

Na kwa wale wanaodhani msemaji wa kawaida hajali mazoea, sikilizeni watu wanavyosema. Tanzania bara utasikia naendaga, Kenya naendanga, mashariki ya Kongo anasemaka. Sanifu inavikataa viambishi hivyo, na mtihani wa Kiswahili utamkata mtoto alama. Lakini ni lugha za Kibantu za bara zinazodai alama ya mazoea baada ya hu- kuachwa. Mwanafunzi anayesema naendaga anajua kabisa tofauti kati ya "I go" na "I am going". Mwalimu mwerevu huanzia hapo, hata kama hatakubali kuiandika ubaoni.

Mahali pa kuliweka neno nako kuna utaratibu. Sisi huanza na mara nyingi au humalizia nayo. Kiingereza hupenda kuviingiza vineno hivi katikati, kabla ya kitenzi: "she often comes late". Kitenzi kikiwa "be", vinakuja baada yake: "she is often late". "Never" ina hila ya ziada, kwa sababu imekwisha kubeba ukanushi. Sisi tunakanusha mara mbili bila hofu: sijawahi kamwe, siendi hata siku moja. Kiingereza cha shule kinataka ukanushi mmoja tu, "I have never seen it". Ukiongeza "not" umeharibu.

Mara moja je? Nilikwenda mara moja, "I went once". Njoo mara moja, "come at once". Neno letu ni lile lile, la kwao limeongezwa "at", na aliyeisahau akimwambia mgonjwa "come to the hospital once" anaweza kumfanya adhani akija siku yoyote inatosha. Na "once" hiyo hiyo, ikiwa mwanzo wa sentensi, ni -kisha- yetu: ukishamaliza, "once you finish".

Kwa kuwa nimetaja hospitali, niseme la dawa. Karatasi za dawa kwetu huandikwa 1x3, kimoja mara tatu kwa siku, na watu wanaelewa. Lakini kwenye kasha la dawa kutoka nje mnaweza kukuta "every other day". Wapo wanaoisoma kama kila siku nyingine, wakameza kila siku. Maana yake ni kuruka: unameza leo, kesho unaacha, kesho kutwa unameza. Hili lifundishwe darasani kabla ya "once in a blue moon" na misemo mingine ya kupendeza, ambayo mwanafunzi ataikuta akiwa mkubwa na kuilinganisha na maziwa yetu ya kuku.

Kuna maneno ambayo wenyewe wenye lugha hawaelewani juu yake. "Biweekly" ni mara mbili kwa wiki kwa mmoja, na mara moja kila wiki mbili kwa mwingine, na kamusi zinakubali zote. "Next Friday" inawagombanisha kama Ijumaa ijayo inavyotugombanisha sisi. Andikeni tarehe. Nasi tusijione maskini: tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne mbele, kila moja na jina lake. Kiingereza kilikuwa na "overmorrow" kwa kesho kutwa na "ereyesterday" kwa juzi, yakaandikwa karne ya 16, kisha yakaachwa. Leo wanazunguka na maneno manne, "the day after tomorrow".

Ombi langu ni kwa makundi mawili. Wanaoandika vitabu vya kidato cha kwanza, ambako mtoto wa shule ya serikali Tanzania Bara anakutana na Kiingereza kama lugha ya kusomea masomo karibu yote, waanze sura ya wakati na saa ya Kiswahili, kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, kabla ya mishale na asilimia. Na ninyi walimu, kesho asubuhi mkiingia darasani, mwandikieni mwanafunzi sentensi tatu ubaoni, moja ya bado, moja ya hadi, moja ya hu-, kisha mwacheni azifasiri kabla hamjamfundisha lolote. Makosa atakayoyafanya ndiyo silabasi yenu ya muhula.